Walichokula Kivuzamo

Kule Mutakura, mtaa wa Bujumbura, ukitaka kumwachia mtu mtoto wako asubuhi ukamkuta mzima jioni, ulimwachia Dorothée. Hilo halikuwa na ubishi. Mama mmoja angekwambia binti yake haendi hata kwa shangazi yake Carama, mwingine angekwambia wake haruhusiwi kuvuka kwenda Buterere kwenye mipunga. Lakini Mama Doro, kama walivyomwita, akisema korali yake ya kanisa inasafiri, siku mbili, milimani, watoto wale wale walifungiwa mabegi kabla hajamaliza kutaja tarehe.

Sababu ilikuwa moja: Mama Doro hakuwaacha watoto wa watu waguse chakula cha watu wengine. Yeye mwenyewe ilikuwa imepita miaka kumi na tisa hajatia kitu mdomoni katika nyumba ya mtu. Arusini alishika chupa ya Fanta, akaizungusha mkononi mpaka maharusi wakaondoka, akaenda nayo kwake. Msibani alisema ana vidonda vya tumbo. Watu walijua hana kidonda hata kimoja, ila nani angemlaumu? Dada yake, Furaha, alikunywa bilauri ya juisi kwenye matanga kule Uvira, akaanza kukonda, na baada ya miezi miwili akazikwa. Madaktari walisema ini. Ukoo ulisema karuho, ile sumu ambayo watu wa Kivu huitaja kwa sauti ya chini, sumu isiyo na haraka, inayomngoja mtu wiki, mwezi, hata mwaka. Dorothée wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alivuka mpaka kuja Bujumbura, na tangu hapo hakuliamini jiko lolote ila lake.

Cha ajabu, riziki yake ilitokana na kulisha watu. Kila asubuhi alikaanga mandazi mbele ya lango la nyumba aliyopanga, na watu walikula bila kujiuliza. Mtu anayeogopa sumu kiasi kile, we, atakutilia sumu? Jina hilo ndilo lililouza mandazi, na ndilo lililojaza korali. Mume hakuwa naye, shamba hakuwa nalo, nyumba haikuwa yake. Alikuwa na jina tu, na alilitunza kwa macho mawili.

Basi Februari moja korali ikaalikwa kuimba arusi kwenye parokia ya mbali milimani, safari ya saa tano kutoka mjini. Watoto kumi na wawili, mkubwa ana miaka kumi na saba, mdogo kumi na minne, na dereva mmoja mzee anayeitwa Callixte na kibasi chake. Mama Doro alipika usiku wa kuamkia safari: wali, maharage na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, ndoo mbili kubwa zenye vifuniko. Wenye arusi walipochinja ng'ombe na kuwakaribisha waimbaji mezani, aliwashukuru kwa tabasamu lote alilokuwa nalo, akawapeleka watoto nyuma ya kanisa wakale kutoka kwenye ndoo.

"Mama Doro, nyama inanukia mpaka huku," alilalamika Landry, yule mkubwa, mwimbaji wa besi, ambaye tumbo lake lilikuwa na sauti nzito kama koo lake.

"Unusie. Kunusia hakuui mutu."

Walikula wali ule Jumamosi mchana, wakaula tena Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi, kabla ya safari, wali uliobaki ulikuwa umeanza kuteleza kidogo vidoleni. Mama Doro aliunusa, akasita, akasema mutoto hawezi kusafiri na njaa. Wengi walionja wakaacha. Nella, msichana wa miaka kumi na mitano, mtoto wa Annick muuza vitenge, hakuwa mtu wa kumkatalia mkubwa. Alimaliza sahani yake.

Mvua iliwakuta njiani. Si mvua ya kupiga paa na kuondoka, bali ile ya milimani inayoamua kukaa. Mbele, kilima kilikuwa kimeporomokea barabara, udongo mwekundu na migomba mizima imelala juu yake. Callixte akageuza. Walirudi kilomita chache tu, wakakuta daraja la magogo walilopita asubuhi limebebwa na maji. Kati ya poromoko na daraja palikuwa na mji mmoja mdogo ambao Callixte alikuwa ameupita mbio bila kuutaja, na alipoingiza gari pale, alifanya ishara ya msalaba, naye si Mkatoliki.

"Fungeni madirisha."

"Hapa njo wapi?" aliuliza Mama Doro.

"Kivuzamo."

Yewe! Hakuna aliyewahi kushuka Kivuzamo, na hakuna asiyeijua. Ndipo wanapokaa warozi, wale wanaolisha watu sumu, walisema watu. Dereva akipita Kivuzamo haangalii pembeni. Abiria akibanwa na haja anajikaza. Muuza ndizi wa pale akitembeza ndizi zake soko la mbali, hasemi ametoka wapi. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja.

Na mji wenyewe, Mungu anisamehe, haukujitetea. Nyumba zilipanga mstari pande mbili za barabara, milango imefunguliwa nusu, na kwenye kila mlango mtu amesimama anaangalia. Hakuna aliyepunga mkono. Hakuna aliyesema *amahoro*, ile salamu ya amani, na katika nchi hii hata mtu anayekudai husema *amahoro* kwanza. Palikuwa na jengo lililokuwa mkahawa zamani, meza zimepinduliwa miguu juu, buibui wamefuma tando kati ya mguu na mguu. Mtoto mdogo alikuja mbio na ndizi mbivu mkononi, akainyoosha kuelekea dirishani. Mama yake alitoka akamvuta kwa nguvu, akamrudisha ndani na ndizi yake. Bonfils, aliyekuwa amekaa dirisha lile, alianza kulia, kijana wa miaka kumi na sita mwenye ndevu tatu.

Simu hazikuwa na mtandao. Callixte aliacha funguo, akasema atalizunguka poromoko kwa miguu mpaka apate mtu wa kumwambia. Walibaki mwanamke mmoja na watoto kumi na wawili, paketi nne za biskuti, na maji ya chupa yasiyozidi lita tatu.

Jumatatu asubuhi biskuti zilikuwa hadithi. Ila shida haikuwa biskuti. Shida ilikuwa Nella. Alikuwa ametapika tangu njiani, kisha tumbo likafunguka, kisha hakukuwa na kitu tena cha kutoka na bado lilitaka kutoa. Maji ya chupa yote alipewa yeye. Walikinga ya mvua kwa mifuniko ya ndoo, nayo akayarudisha, halafu mvua ikakatika. Kufikia karibu saa sita midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na Mama Doro alipombana ngozi ya mkono kwa vidole, ngozi ilibaki imesimama. Alikuwa ameona hilo mara moja maishani, katika kambi ya wakimbizi, kwa mtoto wa jirani, na yule mtoto hakuamka.

Alikaa kwenye ngazi ya gari, kichwa mikononi. Ukweli ulimjia wenyewe, bila kubisha. Watoto hawa walikuwa hawajala chakula cha mtu yeyote duniani ila chake. Aliwakataza nyama ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ile ile, akampa Nella wali uliolala siku mbili. Kama kuna mtu aliyemlisha sumu mtoto wa Annick, basi ni yeye, kwa mkono wake na sala juu yake. Alitaka kupiga yowe, akakumbuka watoto wanamwangalia.

Ndipo akaona miguu miwili imesimama mbele yake, imevaa ndara za plastiki. Mwanamke wa kama miaka sitini, kitenge kimefungwa kifuani, mkononi ana sufuria na kikombe kikubwa cha bati. Kutoka kwenye sufuria mvuke ulipanda.

"Mutoto anakufa," alisema yule mwanamke kwa Kiswahili cha mjini kabisa. "Mi nimemuangalia toka jana. Huu njo uji wa ulezi, chumvi kidogo, sukari kidogo. Maji yamechemuka."

Mama Doro alishangaa lugha kwanza. "Umejifunza Kiswahili wapi, mama?"

"Kinama, kule Bujumbura. Nilikaa kule miaka sita, kabla ya kuolewa hapa. Ninaitwa Médiatrice." Akamimina uji kwenye kikombe, akakinyoosha.

Mama Doro hakunyoosha mkono. Alingoja. Kila aliyekulia Burundi au kupita tu anajua alichokuwa anangoja: mwenye kutoa hunywa kwanza. Iwe pombe ya ndizi, iwe maziwa, mwenyeji huonja, mgeni akaona, moyo wake ukatulia, ndipo akapokea. Ni adabu ya kawaida, hata ndugu kwa ndugu huifanya bila kufikiri. Kikombe kilibaki hewani. Médiatrice hakuonja.

"Onja, mama," alisema Mama Doro taratibu.

"Apana."

"Onja kidogo tu, watoto waone."

"Sisi hapa hatuonji." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza njia. "Zamani tulikuwa tunaonja. Mi nilikuwa na ule mkahawa unaouona, basi zote zilikuwa zinasimama. Siku moja abiria mmoja akala kwangu, akafika kwake, akafa. Alikuwa anakohoa damu tayari alipoingia, ila nani alisema hiyo? Wakasema ni mimi. Nikaanza kuonja kila sahani mbele ya watu. Wakasema ninaonja upande mmoja, sumu iko kwa kucha. Nikakata kucha, tukakata wote, mpaka wazee. Wakasema iko kwa mate. Sasa mate nitayakata na nini? Kuonja ni kukubali kwamba uko mchawi, unaomba ruhusa. Tukakaa wote hapa Kivuzamo, tukasema basi. Mwenye kutaka anywe, asiyetaka aache. Miaka ishirini na mbili, hakuna aliyetaka."

"Na kusalimia? Hamkutusalimia."

"Tukisalimia, munasema tumewaroga kwa mdomo. Ninyi wenyewe mulifunga madirisha, ama nilikosea?"

Nyuma ya Mama Doro, Landry aliita kwa sauti ya kupasuka, "Mama Doro, apana! Usikunywe! Wewe njo ulitufundisha!"

Ndiyo, yeye ndiye aliyewafundisha. Alifikiri atakunywa kwanza, angoje, aone. Aone nini? Karuho haina haraka, ndivyo alivyoamini miaka yote. Angengoja saa moja, na saa moja Nella hakuwa nayo. Hata angekunywa debe zima, isingekuwa ushahidi wa kitu. Ama anamwamini huyu mwanamke, ama hamwamini, na akimwamini, kule mjini hatakuwa tena yule Mama Doro wa kuachiwa watoto. Aliliona jina lake lote, miaka kumi na tisa, limekaa juu ya kile kikombe cha bati. Akaona pia mkono wa Nella ukining'inia kwenye kiti.

Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Uji ulikuwa wa moto, mzito, una ladha ya moshi. Loo, ulikuwa mtamu! Hilo ndilo lililomvunja, ule utamu. Alikuwa amesahau kabisa ladha ya chakula cha mtu mwingine, kile ambacho hukukitia chumvi mwenyewe. Alinywa nusu huku machozi yanamshuka, kisha akapanda garini akamwinua Nella kichwa, akamnywesha kijiko kimoja, akangoja, kijiko cha pili, akangoja. Cha kumi hakikurudi. Cha ishirini hakikurudi.

Jioni Médiatrice alileta maharage na ndizi za kupika, na majirani wawili walifuata na vyungu vyao, wakiviweka chini mbali kidogo na gari, kisha wakarudi nyuma kama watu wanaolisha ndege. Bonfils alikula akasahau kulia. Landry alisimama na msimamo wake kwa dakika tano hivi, halafu akarudia mara tatu.

Jumanne asubuhi Callixte alirudi na habari kwamba poromoko limechimbwa njia. Nella alikuwa amekaa, anauliza kitana. Médiatrice alikuja kuwaaga, safari hii akasimama karibu na mlango wa gari.

"Mukifika," alimwambia Mama Doro, "sema mulikula biskuti."

"Nitasema ukweli."

"Usiwe mjinga, mutoto yangu. Mi ninaijua barabara hiyo mpaka mwisho wake. Sema biskuti. Sitakasirika."

Njia nzima Mama Doro alifikiri kwamba mama yule alisema kweli. Nani angeumia kwa neno biskuti? Watoto wenyewe walikuwa wameshakubaliana kule viti vya nyuma, alisikia Landry akiwapanga: biskuti, wote, hata Nella. Alijifanya amelala.

Wazazi waliwangojea kwenye uwanja wa kanisa, na kelele za kupokea zilipotulia, Annick, mama yake Nella, alimshika Mama Doro mabega yote mawili. Alikuwa amelia siku mbili.

"Callixte alitupigia simu, akatuambia mulilala wapi. Kivuzamo! Nikasema, kama angekuwa na mutu mwingine, ningekuwa tayari ninanunua sanda. Lakini kwa Mama Doro, mutoto hawezi kugusa kitu cha wale warozi. Wale watu wangechomwa na nyumba zao, Mungu anisamehe."

Wazazi wengine waliitikia, *ego*, *ego*, ndiyo kabisa. Watoto walitazama chini. Mama Doro alifungua mdomo kusema biskuti, na neno likakataa kutoka. Alimwona yule mwanamke na sufuria yake, akitembea kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye gari lililofunga madirisha.

"Annick, dada yangu, sikiliza. Nella aliugua kwa wali wangu. Ulikuwa umechacha, nikampa. Alikuwa anakufa. Mama mmoja wa Kivuzamo akampikia uji, mi nikakunywa wa kwanza, Nella akakunywa, wote wakala. Njo maana umemupata mzima."

Kilichofuata hakikuwa kelele. Afadhali kingekuwa kelele. Annick aliondoa mikono mabegani mwake, kidole kwa kidole. Mama mwingine alimvuta Bonfils kando akamwambia afungue mdomo amwangalie ulimi. Jioni ile ile nyumba nyingi za Mutakura zilipasha mawese na maziwa, na watoto wakatapishwa, hata wale waliokula wakashiba na kulala vizuri usiku uliopita.

Wali mbovu waliusamehe palepale. Chakula huharibika, nani hajaharibikiwa? Uji mzuri hawakuusamehe. Jumapili iliyofuata mazoezini walikuja watoto watano. Iliyofuata, wawili. Katikati ya Machi Nella aliumwa tumbo kwa kula maembe mabichi, siku moja tu, na siku hiyo moja ilitosha. Sasa ikasemwa kwamba Mama Doro mwenyewe ameuziwa kitu cha uchawi kule, kwamba kitu hicho hakikai bila kulishwa watu, na kwamba mtu aliyekaa miaka yote bila kula kwa watu lazima alikuwa na sababu yake. Ulimi hauna mfupa. Yale yale yaliyokuwa sifa yake yaligeuzwa ndani nje yakawa kesi yake.

Hata hivyo aliendelea kukaanga, na wachache waliendelea kuja, Amissi akiwa wa kwanza. Amissi anaendesha baiskeli ya abiria, kijana wa Buyenzi mwenye mzaha, na alikuwa amekula mandazi ya Mama Doro kila asubuhi kwa miaka sita. Siku alipopata mtoto, mandazi ndiyo aliyogawa.

Asubuhi moja alikuja, akaegesha baiskeli, nyuma yake watu watatu wakipanga mstari. Mama Doro alifunga mandazi manne kwenye karatasi akamnyooshea. Amissi hakupokea. Alicheka, akatazama pembeni, kwenye baiskeli yake.

"Mama Doro, usikasirike. Njo vile watu wanasema tu. Onja moja kwanza."

Ilikuwa jambo dogo. Kumega kipande, kutafuna, kumeza, na Amissi angekula, na wale watatu wangekula, na pengine baada ya mwezi mji wote ungekula. Alikuwa na kodi ya nyumba, na unga wa kesho ulikuwa bado dukani. Mandazi yalikuwa ya moto kwenye karatasi, mafuta yakipenya mpaka vidoleni mwake. Akaona aibu, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya Amissi, kijana mwema, asiyejua anamwomba nini.

"Apana, mutoto yangu," alisema. "Mi sionji. Ukitaka, kula."

Amissi alisimama kidogo, akajikuna shingo, akasema atarudi. Alipanda baiskeli. Wale watatu mmoja alikumbuka shughuli, na wawili wakamfuata. Mama Doro aliyaweka yale manne kwenye beseni pamoja na mengine, akalifunika kwa kitambaa, akakaa kwenye kigoda chake akiangalia watu wanavyovuka upande wa pili wa barabara kabla ya kufika langoni kwake. Moyo ulikuwa unamuuma kweli, unauma mpaka mgongoni. Médiatrice alikaa hivi miaka ishirini na mbili. Yeye alikuwa amekaa dakika kumi.